Kundi la Kawaida

Siku mtafiti alipokuja na bahasha zake, Fundi alikuwa amekaa benchi la tatu kutoka mlangoni, kadi ya kliniki mkononi, akingoja kupimwa presha kama alivyongoja kila mwezi kwa miaka sita. Jina la Fundi alipewa na mtaa mzima kwa sababu ya cherehani yake. Hata nesi wa kituo cha afya alimwita hivyo hivyo. Pembeni yake alikaa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Naye alikuwa mgonjwa wa presha, na mdomo wake usiopumzika ulikuwa umempatia jina la Redio. Waliishi ua mmoja, nyumba mbili zinazotazamana, na kwa miaka thelathini walikuwa wakitaniana, wakinuniana na kuazimana kila kitu, kuanzia sindano mpaka sufuria.

Mtafiti alikuwa binti mwembamba, kishikwambi amekibana kifuani kama ngao. Alieleza kwamba chuo kinataka kujua jambo moja: wagonjwa wa presha wakipigiwa simu na mshauri kila wiki, je, hali zao zitakuwa nzuri kuliko za wasiopigiwa? Nani apigiwe na nani asipigiwe, bahasha ndiyo itakayosema.

Fundi akachagua yake. Mtafiti akaifungua, akasoma.

"Wewe, mama, uko kundi la kawaida."

"Maana yake?"

"Maana yake unaendelea kama kawaida. Hakuna kinachobadilika. Ni kundi la ulinganisho." Akamwonyesha pa kutia sahihi.

Nyuma yao foleni ilikuwa imefika getini, na mtu mmoja alikuwa ameshaanza kuguna. Fundi akatia sahihi. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini kuuliza mara mbili mbele ya benchi zima ni jambo jingine.

Redio bahasha yake ilimpeleka kundi la simu.

Jumanne iliyofuata simu ililia saa nne asubuhi. Redio akatoka nayo, akaketi kizingitini pake, akaongea kana kwamba mshauri yuko ng'ambo ya mlima. "Nimemeza, mshauri! Nimemeza na maji glasi nzima!" Alikuwa amepewa pia kikasha chenye vyumba saba vya kuwekea vidonge, kila siku na chumba chake. Akakipeperusha kuelekea nyumba ya pili.

"Wifi, wenzio tunatunzwa kama mayai!"

Fundi alicheka kidogo tu. Akarudi kwenye cherehani na neno lile likawa linamzunguka kichwani kama inzi. Ulinganisho. Analinganishwa na nani? Katika kazi yake, kabla ya kukata kitambaa kizuri cha mteja, fundi mwangalifu hukata kwanza kitambaa hafifu ili aone kosa liko wapi. Kile cha kwanza hakivaliwi na mtu. Je, ndicho yeye? Au wameangalia kadi yake wakaona huyu hatapona, simu ya nini?

Alimfuata nesi.

"Nesi, nimekosa nini?"

"Kwani nani kasema umekosa?"

"Mbona wifi anapigiwa, mimi sipigiwi?"

"Ni kura tu, Fundi."

"Kura ya nini, na mimi sikugombea?"

Nesi akacheka sana, akamshika bega, akaita mgonjwa mwingine. Fundi akatoka bila kujua amejibiwa au amechekwa.

Mwezi uliofuata kipimo kilisoma mia sitini na nane kwa mia na mbili. Nesi akakunja uso. Akampa pakiti ya vidonge vyeupe. "Hivi ni vya kuongezea. Kimoja kila asubuhi, pamoja na vile vya zamani. Na chumvi upunguze."

Fundi alifika mlangoni akasimama. Hakuna kinachobadilika, ndivyo alivyoambiwa, na sahihi alitia kwa mkono wake mwenyewe. Akimeza dawa mpya, si atakuwa amebadilika? Akarudi aulize. Nesi alikuwa akimfunga mtu kidonda na damu zilikuwa sakafuni. Fundi akangoja, akaona haya, akaenda zake.

Nyumbani aliiweka pakiti kwenye droo ya cherehani. Halafu akakumbuka chumvi. Alikuwa ameshaanza kuipunguza mwenyewe, kidogo kidogo, tangu mwanzo wa mwaka. Ile nayo ni kubadilika? Siku bahasha zilipofunguliwa, kawaida yake ilikuwa ipi, ya zamani au ya mwaka huu? Aliwaza mpaka kichwa kikamwuma. Mwisho akairudisha chumvi yote, maana hilo ndilo lililoonekana halina hatia.

"Wifi, twende tukatembee," Redio alimwita jioni. "Mshauri kasema nusu saa kila siku."

"Mimi sijaambiwa."

"Basi nakuambia mimi!"

"Wewe si mshauri wangu."

Redio alidhani ni wivu. Akabetua midomo, akaenda peke yake.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, Fundi alikuwa akishona sare za shule alipoona sindano zimekuwa mbili. Akapepesa macho. Zikabaki mbili. Hakujua aifuate ipi. Redio, aliyekuja kuazima mkasi, alimkuta kichwa kimelala juu ya kitambaa, mguu ungali kwenye pedeli.

Alipiga kelele ambayo kwa mara ya kwanza mtaa ulimshukuru kwayo. Majirani wakaja, wakambeba mpaka kituoni.

Kipimo kilisoma mia mbili na sita. Nesi alimlaza, akampa dawa, akampima tena na tena mpaka namba ikaanza kushuka. Fundi alipoweza kusema, nesi akamwuliza, "Kile kidonge cheupe unakimeza?"

"Kipo kwenye droo."

"Kwani droo ndiyo yenye presha?"

"Niliambiwa nisibadilike," Fundi alisema, na machozi yakamtoka. "Nilitia sahihi."

Nesi aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Hakucheka safari hii. Akatoa simu akampigia mtafiti.

Binti alifika akihema, bila kishikwambi. Akasimuliwa habari yote.

"Mama, nilimaanisha utapata huduma ileile wanayopata wagonjwa wote. Nesi akibadilisha dawa, unameza. Akisema chumvi, unapunguza."

"Lakini ulisema hakuna kinachobadilika."

"Nilisema."

"Sasa lipi ni lipi, mwanangu?"

"Kosa ni langu," mtafiti alisema. "Nilieleza vibaya na nilikuwa na haraka. Wewe huna kosa."

"Na ulinganisho?"

"Ili tujue simu zinasaidia, lazima tuwaone na wasiopigiwa. Basi. Hakuna aliyekuona hufai."

"Kwa hiyo mnamhitaji mtu asiyepigiwa."

"Ndiyo."

"Hata akiumwa?"

"Akiumwa anatibiwa, mama."

"Ila hapigiwi."

"Hapigiwi," binti alisema kwa sauti ndogo. "Mpaka utafiti uishe."

Fundi alilielewa kila neno peke yake. Alipojaribu kuyaunga, yakamkataa, kama mtu aliyeletewa mikono miwili ya kushoto aishone kwenye gauni moja.

Redio, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda, akakohoa. "Basi Jumanne nitaiweka simu sauti kubwa, na wifi asikie."

"Hapana, tafadhali, mtachanganya makundi..." Mtafiti akakatisha. Alikitazama kitanda, akamtazama Fundi na mpira wa kipimo ungali umemkaba mkono. "Siwezi kukwambia ufanye hivyo."

"Na unaweza kuniambia nisifanye?" Redio aliuliza.

Binti akainama, akaulegeza mpira mkononi mwa Fundi.

Tangu hapo kila Jumanne saa nne Fundi alivuka ua na kazi ya mkono, akakaa karibu na wifi yake. Alisikiliza kuliko mwenye simu. Lakini kila mara alijiona kama mtu anayechungulia dirishani kwa watu. Siku moja alipaliwa, akakohoa.

"Uko na mtu hapo?" mshauri aliuliza.

"Niko na paka," alijibu Redio.

"Paka ana kifua?"

"Anazeeka, mshauri. Tunazeeka naye."

Miezi sita ilipotimia wakaitwa kupimwa. Fundi alisoma mia thelathini na nne kwa themanini na nne. Redio, aliyepigiwa simu zote bila kukosa hata moja, alisoma mia hamsini na mbili. Kikasha chake kilipofunguliwa, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi za wiki iliyopita zilikuwa bado zimejaa. Nesi aliwatazama, akaangalia kadi, akawatazama tena kama aliyedhani wamebadilishana.

Mtafiti akamweka Fundi pembeni na kishikwambi chake. "Katika miezi sita hii, umepokea ushauri kwa simu?"

"Kwa simu ya nani?"

"Hapa kuna ndiyo na hapana tu, mama."

"Sijapigiwa. Nimesikia. Hiyo ni ndiyo au ni hapana?"

Binti alikitazama kioo, kidole kikiwa hewani. Kisha akakifunika, akatoa daftari, akaandika yote kwa kalamu, Fundi akisimulia: droo, chumvi, sindano mbili, sauti kubwa, mpaka paka. Mwezi ule ule fomu ya maelezo iliandikwa upya, na wagonjwa wapya wakatakiwa kwanza waeleze kwa maneno yao walichoelewa, ndipo watie sahihi.

Majibu yaliletwa mwaka uliofuata, katika ukumbi wa kituo, viti vimepangwa kwa mistari. Mtafiti alisimama mbele. Makundi mawili, alisema, hayakutofautiana sana. Huenda simu hazisaidii. Huenda zinasaidia, ila zilivuka nyua na kuwafikia wasiokusudiwa. "Kwa sasa hatujui," alisema, na watu wakatazamana.

Fundi aliinua mkono. "Mimi ndiye niliyeuharibu?"

"Sijui, mama. Wako wengine tisa waliotuambia walisikiliza kwa jirani. Lakini ungenyamaza, tungeandika uongo bila kujua."

"Kwa hiyo nilifanya vizuri au vibaya?"

"Umeketi hapa, mzima, unaniuliza," mtafiti alisema. "Mimi nimefurahi kwa hilo."

Halikuwa jibu. Fundi aliketi nalo hata hivyo.

Njiani kurudi nyumbani maneno yalimshinda Redio. "Sasa wifi, simu zinasaidia au hazisaidii? Maana mimi nimesikiliza pale mpaka masikio yamepata moto na sijaambulia kitu."

"Wewe dawa ya leo umemeza?"

Redio alisimama katikati ya njia. Akahesabu kwa vidole, akaanza upya.

"Sikumbuki," alisema.

Fundi akamshika mkono, wakakaza mwendo.