Upepo wa Nondo

Kila asubuhi, kabla watu hawajamwona, Nondo alivalishwa shati na mkewe. Alisimama katikati ya chumba, kidevu juu, mikono ikining'inia, kama mtoto wa chekechea, na mkewe akamfunga vifungo, akamkorogea chai, akamalizia na kamba za viatu. Kisha mtu mzima huyo akatoka nje, akakohoa kwa sauti nzito, na kuanzia hapo akawa kiongozi wa madereva wote wa shamba la miti, mwanamume ambaye kwa maneno yake mwenyewe hakuwahi kuumwa hata ukucha.

Mkewe alikuwa mtunza stoo wa karakana ya shamba hilohilo, na alimdharau. Hakumchukia. Kuchukia kunahitaji nguvu, na nguvu zake alizihifadhi kwa kazi za maana.

Madereva wa Nondo walizunguka shambani kwa pikipiki za magurudumu manne, wenyewe wakiziita kwadi, wakikagua mipaka na kutafuta miti iliyoanguka. Njia zenyewe zilikuwa mizizi, mawe na makorongo. Mtu mwenye akili timamu angepunguza upepo kwenye magurudumu, mpira ulegee kidogo, umeze yale mawe kabla hayajamfikia dereva. Nondo aliujaza mpaka gurudumu likigongwa linalia. Zamani kwadi yake iliyojazwa hivyo iliwashinda wenzake mbio kwenye barabara laini ya mbele ya ofisi, umbali wa kutupa jiwe, na ushindi huo wa kitoto ndio ukawa sheria ya shamba zima.

Hakuishia hapo. Shokapu za kupunguza mtikisiko alizikaza. Usukani aliushusha chini ili dereva ainame kama mtu wa mashindano, uzito wote wa kiwiliwili ukiangukia vifundo vya mikono. Mipira minene ya kushikia usukani aliing'oa, akavisha myembamba migumu, eti minene inamzuia dereva kuisikia njia. Na njia waliisikia kweli, maana kila jiwe lilipita kwenye chuma, likaingia kiganjani, likapanda mpaka begani.

Glavu ndizo zilizomkera kuliko vyote. "Glavu za nini?" angemuuliza dereva mgeni. "Unakwenda kuzalisha?" Wenzake wangecheka, na mgeni angezirudisha stoo bila kumtazama mtunza stoo usoni. Halafu mgeni huyo aliendesha mikono mitupu mpaka viganja vikatoka malengelenge, akavionyesha mbele ya wote, nao wakapiga makofi. Hilo waliliita kukomaa. Majitu mazima, yenye watoto nyumbani, yakishangilia malengelenge!

Fundi wa karakana aliwahi kuwaeleza. Alisema usukani uinuliwe mpaka kifundo cha mkono kinyooke na mkono wenyewe. Alisema breki ielekezwe chini kidogo, kidole kiifikie bila kujikunja. Penye mawe dereva asimame, magoti na viwiko vilegee, ashike usukani bila kuunyonga, kwa kuwa haukimbii. Nondo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hiyo sasa ni kwadi au kitanda?" Karakana nzima iliangua kicheko. Tangu siku hiyo fundi alifanya alivyoambiwa, akala mshahara wake kwa amani, na mtunza stoo akamtengea naye fungu lake la dharau.

Glavu zilibaki kwenye maboksi stoo, pamoja na mipira minene. Panya wa stoo walikuwa na vifaa bora kuliko madereva.

Mtu angeuliza, kwa nini huyu mama hakumtolea mumewe uvivu? Aliona ni mtu mzima na mikono yake. Alijua vidole vilivyoshindwa kifungo cha shati, alijua ganzi, alijua jinsi alivyokuwa akikunjua mkono kila asubuhi kama anafungua bawaba iliyopata kutu. Lakini kama baba huyu alitaka kufa na tai shingoni, basi na afe nayo. Hata hivyo tai yenyewe angemfunga yeye mkewe, maana mwenyewe hawezi.

Mambo yalibadilika binti yao alipopata kazi ya udereva hapohapo shambani.

Nondo alimtengenezea kwadi yake mwenyewe, kwa kipimo chake kilekile: upepo wa kupasuka, usukani chini, mpira mwembamba. Madereva wakamwita binti Nondo Mdogo. Baba mtu alivimba kwa furaha, na binti, ambaye tangu utotoni alikuwa tayari kuruka ukuta ili baba yake amtazame, akaendesha kuliko wote. Mama alimwita stoo, akamwekea glavu mezani.

"Chukua, mwanangu. Hakuna anayekuona."

"Mama jamani! Unataka wanicheke?"

"Wakucheke. Mdomo ni wao, mikono ni yako."

Binti alimbusu shavuni, akazirudisha boksini.

Ndipo ikafika asubuhi moja wakiwa mezani, wote watatu. Mama alikuwa akikoroga chai ya mumewe. Binti akachukua kikombe chake, mkono wa kulia ukatetemeka, akaongeza wa kushoto, akakinyanyua kwa mikono miwili.

"Una nini?"

"Ganzi tu, Mama. Nikipata moto inaisha."

"Inakomaa hiyo," alisema Nondo, akamtazama bintiye kwa fahari. "Jikaze kisabuni tu, mwanangu. Mimi nilianza hivyohivyo."

Alianza hivyohivyo! Na aliyasema hayo akisubiri kukorogewa chai. Mama aliweka kijiko chini. Dharau aliyokuwa nayo kwa mumewe aliizoea, ilikuwa kama kiti chake mle ndani, lakini sasa aliogopa. Aliona mwanawe akisimama katikati ya chumba, akisubiri mtu wa kumfunga vifungo.

Aliwatangulia kazini, akafungua stoo, akabeba glavu na jozi ya mipira minene, akaenda moja kwa moja uani ambako madereva walikuwa wanajipanga. Alivitupa vitu vyake juu ya kiti cha kwadi ya binti, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akafungua kifuniko cha vali na kuminya. Upepo ukatoka kwa kelele.

Nondo alifika mbio. Kazini alimwita mkewe kwa jina walilomwita wote.

"Mama Stoo! Kulikoni?"

"Natoa upepo."

"Kwa idhini ya nani?"

"Ya tumbo lililomzaa."

Madereva wakaguna. Fundi alisogea, kisha akasimama nusu njia. Nondo alicheka kile kicheko chake cha mbele za watu, mikono kiunoni.

"Umetufurahisha. Sasa rudisha upepo, watu wana kazi."

"Rudisha wewe. Umeujaza mwenyewe miaka yote hii, utakushinda leo?" Akanyoosha mkono, akamtilia kiganjani kile kifuniko cha vali, kidogo kama punje ya mahindi. "Lakini anza na hiki. Kifunge."

"Hiyo ni kazi ya fundi."

Wote wakamgeukia fundi. Fundi aligundua ghafla kwamba kuna kitu chini ya trekta kinachohitaji kutazamwa, akaingia chini ya trekta.

Basi Nondo akainama. Kifuniko kikamponyoka. Akakiokota kwa kukikusanya pamoja na mchanga, akajaribu tena, kikamponyoka tena. Madereva walicheka, wakidhani anamfanyia mkewe mzaha. Akajaribu tena, jasho likimtoka, vidole vikigongana bila kukubaliana, na kicheko kikapungua, kikaisha. Mkewe angeweza kumsaidia. Alisimama tu, mikono kifuani, akiona raha. Ndiyo, raha, aliisubiri siku hiyo kuliko alivyokuwa radhi kukiri.

"Inatosha, Mama!" Binti alipenya katikati ya watu, macho yamemwiva. "Unamdhalilisha Baba mbele za watu kwa sababu ya kifuniko? Lete hapa, Baba."

Akakichukua, akakiweka kwenye vali, akazungusha. Kidole gumba hakikubana. Kifuniko kikaanguka. Akakiokota, akajaribu kwa mkono wa kushoto. Kikaanguka. Akakishika kwa mikono miwili, ulimi nje kidogo, kama alivyokuwa akijifunza kuandika, na kikaanguka.

Raha yote ya mama ikayeyuka.

Nondo alikuwa bado ameinama kando ya bintiye. Aliutazama mkono ule kwa muda.

"Tangu lini?" aliuliza. Ile sauti nzito haikuwepo.

"Tangu siku mliyonipigia makofi."

Mkewe alimtazama, akingoja atoe lolote: mzaha, amri, kikohozi. Alikuwa na jibu tayari kwa kila kimoja. Nondo hakutoa hata kimoja. Alitambaa kwa magoti kwenye mavumbi, mbele ya wanaume aliowafundisha kushangilia malengelenge, mpaka kwenye gurudumu la pili. Alijaribu kifuniko chake kwa vidole, kikamkatalia. Akainamisha kichwa, akaking'ata, akakizungusha kwa meno mpaka kikatoka, akakitema. Kisha akaminya vali kwa kifundo cha kidole, na upepo ukaanza kutoka.

Alikuwa mjinga bado, mkewe alifikiri, mjinga mwenye mchanga mdomoni, na mikono ya mtoto ilikuwa imeshaanza kuharibika. Hakumsamehe. Alichukua zile glavu juu ya kiti, akapiga magoti mbele ya binti, akaanza kumvisha kidole kimoja kimoja. Safari hii binti hakuzikataa, na Nondo alikuwa ameshatambaa kwenda kwenye gurudumu la tatu.