Unga Usiotaka Macho

Mkaza mwana wa nyumba ile alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa na waya na plagi. Ilikaa chumbani kwake, juu ya meza ya kioo, imefunikwa shuka gubigubi kama mgonjwa wa homa.

Ilikuwa mashine ya kukandia unga. Mumewe, fundi wa majokofu, aliikuta imetupwa nyuma ya nyumba ya mteja mmoja, akaifumua, akaifunga upya, ikafufuka. Alimletea mkewe kwa huruma. Kwa maana tangu vidole vya mama mkwe vilipopinda kwa baridi yabisi akamkabidhi kazi ya mkate, nyumba nzima ilikuwa ikila matofali. Mkaza mwana alikanda mpaka jasho likamwingia machoni, na bado mkate ulitoka mgumu, watoto wakawa wanaugonga mezani kupimana nguvu.

Mtu mwenye akili zake angeiweka mashine jikoni, yakaisha. Lakini zamani kidogo mama mkwe aliwahi kuonjeshwa mkate wa mashine kwa jirani, akarudi akisema, "Mkate wa mashine ni yatima. Haujashikwa na mtu." Watu walicheka, na mwenyewe alicheka. Mkaza mwana peke yake hakucheka. Aliichukua ile kauli kama hukumu ya mahakama, na mashine ilipoingia nyumbani akaipitisha dirishani.

Basi ikawa kila akitaka kuoka anajifungia chumbani na kuongeza sauti ya redio. Unga, maji, hamira na chumvi vinaingia kwenye bakuli la chuma, mkono wa mashine uliopinda kama ndoano unazunguka, na baada ya muda donge linaachana na bakuli lenyewe, laini kama ndewe ya sikio. Halafu anajipaka unga mikononi hadi kwenye viwiko, anatoka akihema. Alihema vizuri, huwezi kumlaumu kwa hilo.

Mkate ukawa unaumuka na kujaa. Mama mkwe alipoumega mara ya kwanza alifumba macho. "Sasa mkono umekomaa," akasema. Tangu hapo akamwita Mkono wa Heri, na kila aliyepita mlangoni aliambiwa habari zake. Hakikuwa kilemba cha ukoka. Kilikuwa kilemba cha kweli, ila kilivishwa kichwa kisichokistahili, na mwenye kichwa alijua. Usiku alilala akiutazama ukuta.

Siku moja mama mkwe alibisha mlango wa chumbani. "Nije nikae na wewe unapokanda, mwanangu. Sitashika kitu. Nimekumbuka harufu ya hamira tu."

Mkaza mwana alikurupuka na jibu lililokuwa karibu. "Unga wangu hautaki macho, Mama. Marehemu mama yangu ndivyo alivyonifundisha. Ukitazamwa hauumuki."

Marehemu hakusema hivyo hata siku moja. Marehemu alikuwa akinunua mkate dukani.

Lakini mama mkwe alikuwa mtu wa kuheshimu maneno ya waliotangulia. Alijibu, "Mungu amrehemu," akabeba kiti chake akaenda kukaa barazani. Zaidi ya hapo, akajifanya mlinzi wa mlango. Mtoto akipiga kelele, anamkemea: "Nyamaza! Mama yako anakanda!" Na vile vidole vilivyopinda akavilaza mapajani, akasubiri harufu imfikie huko huko nje.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia siku aliyokuja mama mdogo, yaani mdogo wake mama mkwe, pamoja na binti zake wawili, kumwona huyo Mkono wa Heri aliyesifiwa hivyo. Mkaza mwana alitia unga mara mbili ya kawaida, na kwa haraka akapunguza maji. Donge likawa gumu. Mashine ikaanza kunguruma na kutikisika. Aliposikia wageni wanaingia, akaipandisha kasi ili imalize mapema, akajipaka unga mikononi, akatoka kuwaamkia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione hiyo mikono!"

Ameinyoosha tu mikono, chumbani kukasikika kishindo kama cha kabati lililoanguka. Mashine huwa inatembea inapolemewa na unga mgumu, na hii ilikuwa imetembea mpaka ukingoni mwa meza, ikajitupa.

"Uuwi! Mtoto wa watu ameanguka!" mama mkwe alipiga kelele, akainuka kukimbilia chumbani. Halafu akaona kwamba mtoto wa watu amesimama mbele yake na unga hadi kwenye viwiko. Akamtazama. Akautazama mlango. Akaufungua.

Mashine ilikuwa imelala ubavu sakafuni, mkono wake ukizunguka bado, na donge limetapakaa nusu zuliani, nusu kwenye viatu vya fundi. Binti mmoja alichungulia, akaziba mdomo. Mkaza mwana aliomba ardhi ipasuke immeze. Ardhi ilikuwa na shughuli nyingine.

Mama mkwe aliuvuta mlango, akaurudishia. "Ni vyuma vya mwanangu," akawaambia wageni kwa sauti ya kawaida kabisa. "Fundi huyu anatengeneza vitu hata kitandani. Twendeni barazani. Mke wake ana kazi, na unga wake hautaki macho."

Mwanamke yule, ambaye hakuwahi kudanganya hata bei ya nyanya, alidanganya mbele ya ndugu yake kwa kutumia uongo uleule aliodanganyiwa yeye. Mkaza mwana angetukanwa, angepona. Alipiga magoti akaokota unga zuliani, akautupa, akaanza upya. Wageni walikula, wakaisifu mikono yake, wakaaga. Kila sifa ilimwingia kama mwiba, na mama mkwe aliitikia zote kwa niaba yake.

Wageni walipoondoka, mama mkwe aliingia chumbani bila kubisha, akaketi kitandani.

"Iwashe."

Mkaza mwana aliiwasha. Ilitetemeka kidogo, ikazunguka. Akatia unga na maji, machozi yakimdondoka, wala hakuyafuta. Mama mkwe alitazama donge likijikusanya, likiachana na bakuli, likilainika.

"Nisamehe, Mama. Ulisema mkate wa mashine ni yatima. Niliona aibu."

"Nilikuwa nanogesha mazungumzo," mama mkwe alisema. Hakuyaondoa macho kwenye bakuli. "Huku kuiwasha kunataka nguvu?"

"Hapana, Mama. Unasukuma hapa kwa kidole."

"Na kukanda kote inakanda yenyewe."

"Yenyewe."

Mama mkwe aliviinua vidole vyake, akavitazama kimoja kimoja, kisha akamtazama yeye. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Kwa hiyo siku zote hizo uliponikalisha barazani," akauliza, "hata mimi ningeweza?"

Mkaza mwana aliizima mashine.

"Hata wewe, Mama."

Mama mkwe akainuka. Akaenda kunawa mikono, akarudi na kidole kimoja amekinyoosha tayari.