Bi Mdogo wa Kwenye Kompyuta

Bi Mdogo aliingia katika nyumba ile mchana kweupe, kwa mlango wa mbele, akiwa ndani ya boksi. Mwenye nyumba, mtunzi wa michezo ya redio ambaye macho yake yalizimika akiwa mtu mzima, alilifungua boksi kwa mikono yake mwenyewe, akachomeka waya ukutani, akabonyeza kitufe. Kompyuta ikapiga kengele ndogo, kisha sauti ya mwanamke ikasema taratibu, kwa adabu zote, "Karibu."

Mkewe alikuwa jikoni anamenya vitunguu. Alitoka na kisu mkononi.

"Nani huyo?"

"Ni kompyuta, mke wangu. Mimi naandika, yeye ananisomea kilichoko kwenye kioo."

"Yeye? Umeshaanza kumwita yeye?"

Tangu siku hiyo sauti ile iliitwa Bi Mdogo, na mke wa mtunzi, ambaye hadi hapo hakuwa na mpinzani, akajipa cheo cha Bi Mkubwa. Hakukosa sababu. Fikiria uko jikoni unakoroga chungu chako, halafu kutoka chumba cha mbele unasikia sauti ya mwanamke ikimwambia mumeo: "Mpenzi wangu, mkato, usiniache tena, alama ya mshangao." Ndivyo alivyosoma Bi Mdogo. Hakuruka hata nukta. Maneno ya mapenzi, matusi ya mawifi, kilio cha msiba, yote aliyasoma kwa sauti moja, kama karani anayehesabu vifaa stoo.

"Mwambie mke mwenzangu apunguze sauti," Bi Mkubwa angesema toka jikoni. "Majirani watadhani nimeletewa mwenzangu bila kuambiwa."

"Anakusalimia," Mtunzi angejibu.

"Salamu zake azihifadhi. Siku utakayoniona nimekaa kitako kimoja na yeye, jua akili imenihama."

Na kweli, miaka ikapita asiiguse mashine ile hata kwa kitambaa. Vumbi la Bi Mdogo alilifuta Mtunzi mwenyewe.

Basi ikafika Alhamisi moja, Mtunzi ana jambo zito kichwani. Mchezo wake, kisa kirefu cha mshonaji wa nguo na mumewe fundi baiskeli, ulikuwa umebakiza sehemu ya mwisho, na sehemu hiyo ilitakiwa kumfikia mtayarishaji wa vipindi kesho yake, Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Mtayarishaji alikuwa mama asiyepindisha maneno. Alisema kwenye simu: "Baba, nakuheshimu, lakini wakubwa wanataka muda wako tuwape wauza magodoro. Nimewaomba wasikilize kwanza mwisho wa mchezo. Ukichelewa, au mwisho ukiwa baridi, sina cha kukutetea nacho."

Na mwisho haukuwepo. Fundi baiskeli, ambaye karakana yake imeungua na aibu imemkimbiza mji mzima, amerudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe amempokea mlangoni, amemwambia maneno ya kumtuliza. Sasa mume anatakiwa ajibu. Hapo ndipo gari lilipokwama. Mtunzi alikuwa amemwandikia majibu chungu nzima, yote marefu, yote ya hekima, na kila Bi Mdogo alipoyasoma, Mtunzi alijisikia haya, akayafuta.

Asubuhi hiyo alikaa, akapapasa vile vinundu viwili vya kibodi vinavyoviambia vidole vikae wapi. Kabla hajafungua faili, Bi Mdogo akasema: "Toleo jipya la mfumo wa kompyuta liko tayari, nukta. Je, mkato, nisakinishe sasa, alama ya kuuliza."

Mtunzi hakuwa mtu wa kuogopa jipya. Kupiga chapa alijifunza kwenye masomo ya jioni, baada ya kutwa nzima ya kazi. Kuandika gizani alijifunza akiwa na mvi. Aliamini kwamba mtu asiyesogea huota ukungu. Akabonyeza ndiyo. Hakujua kwamba Bi Mdogo alikuwa anaaga.

Mashine ikanyamaza. Feni yake ikavuma, ikatulia, ikavuma tena. Mtunzi akamaliza chai yake hadi sukari iliyozama chini. Mwishowe kengele ikalia, si ile aliyoizoea, na mwanamume mmoja akafyatuka kwa kasi ya mtangazaji wa mpira timu ikikaribia goli: "Karibukwenyemfumompyachaguamandhariunayopendaendeleaaurukakwasasa."

"Nani huyo?" sauti ikauliza toka jikoni.

Mtunzi aliinamia kibodi. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza safari yao ya kila siku: kitufe cha kuanzia, chini, chini, chini, ingia. Njia hiyo ilimfikisha siku zote kwenye folda ya michezo. Safari hii yule mwanamume akamtangazia kwamba leo kuna mawingu kiasi, katika mji ambao Mtunzi hajawahi kuukanyaga. Akarudia, kidole kimoja kimoja. Akapewa na habari za upepo.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja: kiti hakihamishwi bila tangazo. Zamani Bi Mkubwa aliwahi kusogeza kabati ili afagie nyuma yake, na ugoko wa Mtunzi unayo alama hadi leo. Kwa mtu asiyeona, ukihamisha kiti umehamisha dunia. Na sasa mtu asiyemjua alikuwa ameingia ndani ya kompyuta yake, akahamisha viti, kabati na mlango wenyewe.

Bi Mkubwa akatokea, mwiko mkononi. "Mbona kuna dume humu? Bi Mdogo yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Bila kuaga?"

"Aliaga. Mimi ndiye sikumwelewa."

Kigelegele alichopiga Bi Mkubwa kiliwashtua kuku wa jirani. "Niliyajua mimi! Mke wa waya hadumu!" Akacheza hatua mbili tatu kuizunguka meza, mwiko juu, kiuno hakina habari na umri. Alipozunguka upande wa pili akamwona mumewe usoni. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya kibodi, viganja juu, kama mikono ya mtu anayengoja kupewa kitu. Mara ya mwisho kuiona mikono ile imelala hivyo ilikuwa kwenye kitanda cha hospitali. Mwiko ukashuka wenyewe.

"Mpigie fundi," akasema taratibu.

Fundi wa kompyuta alipokea simu huku anatafuna kitu. "Yule dada hayumo kwenye mfumo mpya, mzee wangu. Kumrudisha inawezekana, lakini lazima nifungue mashine, na nina foleni mpaka wiki ijayo. Kwani huyo kaka ana ubaya gani? Mzoee tu."

"Mzoee tu," Mtunzi akarudia baada ya kukata simu. "Mpaka nimzoee, wauza magodoro wameshalala juu ya mchezo wangu."

Kisha akasikia miguu ya mbao ikikwaruza sakafu.

"Nasogeza kiti," Bi Mkubwa akatangaza, maana sheria ni sheria. "Nakiweka kulia kwako. Miwani yangu iko wapi? Aa, ipo kichwani."

"Unafanya nini?"

"Nakaa kitako kimoja na mashine yako. Nyamaza kabla akili haijanirudia."

Mtunzi akanyamaza.

"Haya. Naona mlima," akasema Bi Mkubwa.

"Mlima wa nini?"

"Nitajuaje? Mlima tu. Una theluji. Mzuri kweli."

"Achana na mlima, mke wangu. Vitufe viko wapi? Zamani vilikaa kona ya kushoto, chini."

"Kona ya kushoto ni kweupe. Wamevirundika katikati, kama watu wanaogombea kivuli."

Bi Mkubwa alikuwa amefundisha chekechea hadi alipostaafu. Kabla ya kengele ya mapumziko aliweza kuwafunga watoto arobaini kamba za viatu bila kumchapa hata mmoja. Mumewe alipotoka hospitali, alimshika mkono akamzungusha nyumba nzima kwa mtindo huohuo: hapa mlango, hapa kabati, hapa kizingiti, inua mguu. Sasa akaanza upya. Hapa katikati, kulia mara mbili, hapa folda. Mtunzi akabonyeza. Wakakosea, wakafungua mchezo wa karata. Wakatoka, wakaingia kwenye picha za maua. Bi Mkubwa akasema tukae kidogo humu, kuzuri. Mtunzi akacheka bila kutaka. Walipokuta neno "mipangilio" wakaingia, na ndani yake wakakuta "kasi ya sauti."

"Kuna mstari, una kitone. Kitone kiko kulia kabisa."

"Kivute kushoto."

Pumzi ya mtu anayejitahidi. "Kimekataa."

"Unakivuta na nini?"

"Na kidole. Si umesema nivute?"

"Utatoboa kioo, mama! Kuna vitufe vya mishale hapa, ngoja." Mtunzi akabonyeza mshale wa kushoto mara kadhaa, na yule mwanamume akapunguza mwendo, kutoka mbio hadi matembezi, hadi akawa anaongea kama mtu mzima mwenye haya zake.

"Kumbe anajua kuongea," Bi Mkubwa akasema. "Na hasemi nukta, wala mkato. Huyu amelelewa."

Jua lilikuwa limeshahama dirisha walipoupata mchezo. Mtunzi alitaka mashine isome, lakini Bi Mkubwa alikuwa ameshakohoa na kuweka miwani sawa. "Nitasoma mimi. Shemeji apumzike."

Mtunzi alilisikia lile neno, akaliweka akiba.

Bi Mkubwa akasoma ukurasa wa mwisho kwa sauti ya darasani. Fundi baiskeli anabisha hodi. Mshonaji anaacha cherehani, anafungua. Mume hasemi kitu, ameinamisha kichwa. Mke anamwambia: "Egemea hapa. Mimi si ukuta, lakini sianguki."

Hapo sauti ikakatika.

"Umefika mwisho?" Mtunzi akauliza, ingawa alijua.

"Haya maneno ni yangu."

"Yapi?"

"Usiniulize yapi. Nilikwambia pale mlangoni, siku tuliyotoka hospitali. Hapakuwa na mtu mwingine, hata dereva alishaondoka. Nani kakupa ruhusa kuyapeleka redioni?"

"Mshonaji alikuwa mlangoni, hana la kusema," Mtunzi akasema polepole. "Nilimtafutia maneno mengine, nikakosa mazuri kuliko hayo. Nikamwazima."

Bi Mkubwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Na huyu mume wake mbona yuko bubu? Hamna kitu chini hapa."

"Sijui ajibu nini. Wiki nzima sijui. Maneno kama hayo utayajibu na nini?"

"Kwani wewe ulijibu nini?"

Mtunzi akafikiri. Akarudi mlangoni pale, giza jipya, harufu ya nyumba yake, bega la mkewe chini ya mkono wake. Akatafuta jibu lake, hakulikuta. "Sikumbuki. Lazima nilisema neno la maana."

"La maana!" Bi Mkubwa akaanza kucheka, kwanza puani. "Ulisema, 'Chai iko wapi?'"

"Sikusema hivyo."

"Mbele ya Mungu! Mimi nimekutolea ya moyoni, nimesimama pale machozi yananitoka, bwana mkubwa ananiuliza, 'Chai iko wapi?'"

"Na wewe ukasema nini?"

"Ningesema nini? Nikakwambia, 'Iko pale pale.' Ukaniacha mlangoni ukaenda. Peke yako. Ukapapasa ukuta, ukafika mezani, ukamimina kikombe bila kumwaga hata tone. Mimi nimeshikilia kitasa, naogopa hata kupumua."

Mtunzi akageukia kibodi. Vidole vyake vilikuwa vimeshavirudia vile vinundu viwili. Bi Mkubwa akaona maneno yakijitokeza kwenye kioo, moja baada ya jingine, akawa anayasoma yanavyokuja. *Mume: Chai iko wapi? Mke: Iko pale pale.* Halafu maelekezo ya sauti: *Nyayo. Mkono unapapasa ukuta. Chai inamiminwa, taratibu, hadi kikombe kinajaa. Mke anacheka.* Halafu mwisho.

"Basi?" akauliza Bi Mkubwa.

"Basi."

"Huyo mke acheke kwa nguvu," akaagiza. "Asicheke kama mgonjwa."

Ijumaa asubuhi waliutuma mapema. Kitufe cha kutuma nacho kilikuwa kimehamia juu kulia, Bi Mkubwa akamwonyesha kilipojificha. Adhuhuri haijafika, simu ikalia. Mtayarishaji alikuwa anacheka na kupenga kamasi kwa wakati mmoja. "Baba, hiyo chai! Nimewasomea wakubwa mezani, mmoja ametoka nje amempigia mkewe. Magodoro yatasubiri. Anza kutunga mchezo mwingine."

Wiki iliyofuata fundi alipiga: foleni imekwisha, alete mfumo wa zamani, Bi Mdogo arudi? Mtunzi akafunika simu kwa kiganja. "Unasemaje, Bi Mkubwa? Mke mwenzako anaomba kurudi."

"Aliyekwenda na aende. Tumeshamzoea Shemeji."

"Tumeshamzoea, au umeshamzoea?"

"Mimi nilikaa na Bi Mdogo miaka yote hiyo, sikufa. Na wewe kaa na mdogo wako."

Fundi akaambiwa asijisumbue. Vidole vya Mtunzi vilikuwa vimeshaikariri njia mpya, na siku hizi vilipita hapo bila hata kumwuliza mwenyewe.

Asubuhi moja alikuwa jikoni, zamu yake ya kuchemsha chai, aliposikia sauti ya mwanamume toka chumba cha mbele, taratibu, yenye haya zake: "Umeamkaje mama mwenye nyumba. Leo umependeza sana."

Mtunzi akaja hadi mlangoni, birika mkononi. Akasikia kidole kimoja kikitafuta herufi, tak, kikapumzika, tak, kisha kicheko kinachobanwa.

"Nani huyo anayeongea na mke wangu?"

"Mwambie kaka yako arudi jikoni," Bi Mkubwa akaiambia kompyuta, akaendelea kuandika.