Njia ya Mkokoteni

Mdomo wangu unajulikana Bariadi nzima, sina haja ya kujificha. Wauza nyanya wakiniona nakuja wanapunguza bei kabla sijasema kitu. Ndiyo maana Kija alipobeba begi lake na kuhamia kwa mama yake, kijijini Binza, kule Maswa, hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza kosa ni la nani. Waliniangalia tu, nami najua walichokuwa wanafikiria.

Kija ni mume wangu, baba wa mtoto wetu wa pekee, Goodness, anayeanza darasa la kwanza mwakani. Waliotukalisha chini ni wasimamizi wa ndoa yetu, Sylvester na mkewe Eufrasia. Eufrasia anashughulika na kambi za vijana kanisani, ana hema lake, akatuazima. Akasema twende watatu, sisi na mtoto, mwisho wa wiki, tutafute sehemu yenye ziwa na milima, tulale huko, tuone kama bado tunaweza kukaa pamoja. Sharti likawa moja. Kija ndiye achague pa kulala, pa kupikia, kila kitu, na mimi Violeth nisimpinge.

"Ninyamaze kabisa?" nikauliza.

"Kuongea ongea," Eufrasia akasema. "Kumpinga ndiyo usimpinge."

Kija alikuwa anaangalia sakafu. Akaongea taratibu, bila hasira, na huo utaratibu ndio ulionitisha. "Nikipingwa neno moja tu, tukirudi Bariadi napanda gari la Maswa. Na safari hii sirudi."

Nikakubali. Nampenda huyu mwanaume, nisizunguke. Nyumba bila yeye ilikuwa imepoa mpaka chai nilikuwa nachemsha ya kikombe kimoja, naimwaga.

Basi Jumamosi tukashuka upande wa Kiloleli, tukaacha barabara, tukatembea kuelekea ziwani. Mbele yetu maji, nyuma yetu kilima cha mawe makubwa yaliyopandana. Mimi macho yangu yalikwenda moja kwa moja juu ya mawe. Kulikuwa na jiwe bapa pana kule, limekauka, unaona kila upande. Lakini sikuulizwa.

Kija alishuka ufukweni, mikono nyuma, akawa anatembea polepole huku anaangalia chini. Baba yake alikuwa anakagua malisho vile vile. Kija amekua nyuma ya ng'ombe, mpaka ukame ulipowamaliza. Siku hizi anabeba marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na ukimtajia ng'ombe anageuza mazungumzo. Siku ile aliyaanza mwenyewe.

"Mama Goodness, njoo uone," akasema. "Nyasi fupi hizi zimeliwa juzi juzi. Ng'ombe wanapolishwa ni mahali salama, hakuna nyoka, hakuna tope. Na ile pale ni njia ya mkokoteni, watu wanateremsha mapipa kuchota maji."

Kweli kulikuwa na njia. Mifereji miwili inakwenda sambamba mpaka majini, katikati pamebaki tuta la nyasi. Gurudumu la kushoto, gurudumu la kulia. Ukiwa Msukuma unaona mkokoteni, huoni kitu kingine. Akalitua begi karibu na njia hiyo, akaanza kutandaza hema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo nilikuwa nimeshaisahau.

Sasa mimi si mchungaji. Kwetu ng'ombe walikuwa wa kaka zangu. Ila sakafu za mama yangu nilizisiriba mimi, kwa mavi ya ng'ombe, tangu nikiwa mdogo kama Goodness. Nimeyaokota mabichi alfajiri, nimeyakanyaga, nimeyanusa mpaka kwenye nguo za kanisani. Mavi ya ng'ombe hayanidanganyi. Na kwenye zile nyasi zote sikuona hata donge moja. Mavi niliyoyaona yalikuwa yamerushwa juu ya kichaka, yamepaka majani mpaka usawa wa paja langu, yakakaukia hapo. Ng'ombe gani huyo anayepaka vichaka?

Nikaumeza ulimi. Nikaenda nikarudi. Nikajaribu kuingilia dirishani.

"Baba Goodness, ng'ombe wa huku wananyweshwa muda gani?"

"Jioni. Utawaona."

"Na alama za kwato zao, mbona sizioni?"

Akaacha kupiga kigingi. "Mama Goodness."

"Nimeuliza tu."

"Unauliza kama hakimu."

Nikacheka kicheko cha uongo, nikaenda kuchambua mchele. Nilikuwa natupa mchele, nabakiza mawe. Moyoni nilikuwa nagombana na watu wawili. Mmoja anasema, Violeth, sema. Mwingine anasema, ukisema leo, huyu umempoteza, na mtoto atakuwa anamwona baba yake kwa likizo. Nikajiambia labda ni mnyama mdogo tu. Labda mkokoteni wenyewe upo, uko njiani unakuja. Nikajaribu tena, nikasema natamani tupige picha kule juu ya mawe, tukae huko mpaka jua lizame. Akasema kesho.

Jua likaanza kushuka juu ya maji. Ndipo nikasikia sauti kutoka ziwani, nzito, ya kukoroma, inakatika katika. Kija akainua kichwa, akatabasamu.

"Sikia fahali huyo," akasema. "Si nilikwambia wanakuja kunywa?"

Akaanza kupiga mluzi. Ule mrefu wa wachungaji, wa kuwaita ng'ombe warudi. Tangu tuoane sikuwahi kumsikia akiupiga. Nilitamani kulia, maana niliona kabisa kwamba amerudi kwao kwa baba yake, na mimi ndiye niliyeshika kisu.

"Mama," Goodness akaita. Nilikuwa nimempa sahani yake ya bati aifute vumbi, naye alikuwa ameteremka nayo kwenye ile njia, hatua chache kutoka majini. "Njoo uone. Sahani yangu imeingia kwenye shimo."

Nikashuka. Kwenye tope, katikati ya mfereji, kulikuwa na unyayo. Duara. Sahani imekaa ndani yake imetosha. Nikaiinua. Mbele palikuwa na vidole, vinene, vinne. Unyayo wa ng'ombe una kwato mbili tu, hilo hata mtoto wa mjini analijua. Nikatazama majini. Mawe mawili yalikuwa yameinuka pale ambapo mchana hapakuwa na mawe, na moja likatikisa masikio.

Nikamshika mtoto mkono.

"Kija," nikasema. Sikumwita Baba Goodness. "Siyo ng'ombe. Ni viboko, na hii ni njia yao. Umekosea."

Mluzi ukakatika. Aliniangalia mimi. Majini hakuangalia kabisa.

"Nilijua," akasema. "Nilijua kesho hutaifikia bila kunipinga."

"Njoo uone unyayo."

"Ulianza na kwato, ukaja na picha. Sasa ni viboko." Akakaa chini mlangoni mwa hema, akanipa mgongo. "Nenda unakotaka kwenda. Mimi nimechagua hapa."

Sikubishana. Nilimbeba Goodness nikapanda kilima, magoti yanagonga mawe, kanga inanasa. Nilipofika kwenye lile bapa nikageuka. Kutoka juu kila kitu kilionekana wazi. Migongo ilikuwa imeongezeka na imesogea ufukweni. Ile njia ilitoka majini ikapita kando ya hema letu, karibu kabisa, na mume wangu amekaa pale kama mtu anayesubiri chakula.

Nikapiga kelele. Nilimwita jina, nikamwita mpumbavu, nikamsihi. Mgongo wake ukazidi kukakamaa. Ule mgongo naujua, ndio anaonipa nyumbani nikianza. Kila neno nililotupa lilikuwa linampigilia pale chini kama kigingi, na niliona kwamba nikiendelea kusema nitamuua.

Nikanyamaza. Nikapiga magoti mbele ya Goodness.

"Mwite baba," nikamwambia. "Usiseme habari ya kiboko. Mwambie unaogopa huku juu, aje akushike."

Hakuwa na haja ya kuigiza, alikuwa anatetemeka. "Baba," akaita, sauti nyembamba. "Njoo unishike. Naogopa."

Kija hakugeuka mara moja. Kisha akainuka. Akajipangusa suruali, akaangalia viatu vyake, akaviacha, akaanza kuja. Alikuja taratibu, kwa makusudi, ili nijue haji kwa ajili yangu. Nilijiziba mdomo kwa mikono yote miwili nisimwambie akimbie.

Alikuwa ameshafika kwenye mawe ya kwanza kiboko alipotoka majini. Mkubwa, amelowa, anang'aa. Alipanda ile njia miguu ya kushoto kwenye mfereji wa kushoto, miguu ya kulia kwenye mfereji wa kulia, tumbo linafagia tuta la katikati. Mkokoteni wenyewe ndio huo. Nyuma yake mwingine, na mwingine. Wa kwanza akafika kwenye hema, akasimama, akalinusa. Akafungua kinywa, akaling'ata, akalitikisa mara moja. Vigingi vikaruka. Kisha akalikanyaga akapita juu yake, sufuria ya mchele nayo ikaenda.

Kija alipanda sehemu iliyobaki kwa mikono na miguu. Alipotufikia alimkumbatia Goodness, akakaa hivyo, anahema. Chini walikuwa wameanza kula. Walikuwa wanang'oa nyasi kwa mafunda, na ukifumba macho ungesema ni zizi.

"Wanakula kama ng'ombe," akasema Kija, polepole. Alikuwa analia.

Nilikuwa na maneno, Mungu anajua nilikuwa nayo. Nilimfunika mgongo kwa kanga yangu.

Asubuhi tuliokota matambara ya hema na kiatu chake kimoja. Begi lilikuwa limekanyagwa lakini zima. Tukapanda gari kurudi Bariadi. Stendi, konda wa gari la Maswa aliliona begi, akalidaka, akalirusha juu ya gari kabla ya kuuliza. Kija hakumkataza.

"Nilisema nini kuhusu neno moja?" akaniuliza.

"Ulisema unapanda."

"Na wewe unasemaje?"

"Chagua wewe," nikasema. "Ila nikuambie kabisa. Siku nyingine ukitandaza hema kwenye njia ya viboko, nitasema tena. Nitasema mpaka uamke. Kama unataka mke wa kunyamaza, gari ndilo hilo."

Akainama, akamshika Goodness mkono.

"Twende nyumbani," akamwambia.

Begi lilikuwa limeshafungwa kamba juu, na konda akagoma kulishusha, eti tumempotezea muda. Nikamwonyesha kwa nini wauza nyanya wananiogopa. Watu walisimama kuangalia. Kija naye alisimama pembeni na mtoto wake, peku, akinisubiri, na hakuniambia nipunguze sauti.