Madigadi ya Volga Nyeusi

Arobaini ya mzee Bogomil ilipokwisha, wanawe wawili walikwenda kufungua banda. Zlatina, mkubwa, ndiye aliyeachiwa gari. Kamen, mdogo wake, ndiye aliyelitamani. Walipovuta turubai ikajitokeza Volga nyeusi, ambayo enzi za chama cha kikomunisti baba yao alimwendeshea mwenyekiti wa ushirika. Ushirika ulipovunjika aliinunua, akaifungia humo, na ufunguo akalala nao shingoni mpaka kufa.

"Lo, dada! Nalipeleka hili mjini Sliven kwa fundi wa bodi," Kamen alisema akilizunguka. "Tunanyoosha, tunapiga rangi, tunabadilisha viti. Litang'aa mpaka ulitumie kama kioo cha kusukia nywele."

"Baba alisema lisiguswe."

"Baba alisema pia nisioe mtu wa Yambol. Nimekufa?"

Zlatina alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Upande wa kulia, madigadi ya mbele, lile bati la juu ya gurudumu, ilikuwa imebonyea, na katikati ya bonyeo ulipita mkwaruzo mrefu wa rangi ya buluu. Gari zima lilikuwa limeliwa na vumbi na kutu. Pale tu palikuwa safi. Akapapitishia kidole, kikatoka na mafuta. Miaka yote ile mtu alikuwa akipapaka mafuta, ili kutu isije ikaufuta ule mkwaruzo.

"Uzee tu huo," alisema Kamen, lakini naye hakupagusa. Mchana huo huo akapanda basi kwenda Sliven kutafuta fundi.

Kamen hakuwa amerudi bado mzee Velko alipobisha hodi na chupa ya rakia, ile pombe kali ya matunda. Huyu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wakati ule, na mpaka leo pale kijijini hakuna aliyejenga hata kibanda cha kuku bila kumwuliza.

"Mwanangu," alisema akijikaribisha kitini, "gari la marehemu likikaa vile ni kama maiti isiyozikwa. Mwachie Kamen alitengeneze. Gharama ni juu yangu. Baba yenu alikuwa mkono wangu wa kulia."

"Nitafikiri, ami."

"Cha kufikiri ni nini? Ile madigadi tu ikinyooshwa, gari limekuwa jipya."

Mkono wa Zlatina ukasita juu ya birika la kahawa. "Madigadi ipi, ami?"

Mzee akatabasamu kwa meno tu. "Gari la zamani halikosi madigadi mbovu." Akamaliza glasi yake, akaondoka.

Zlatina alirudi bandani kuutazama tena ule mkwaruzo. Ile buluu aliijua, aliiona kila siku bila kuitazama. Asubuhi iliyofuata alipanda mpaka mwisho wa kijiji, kwa bibi Raina, mjane wa mwalimu Nayden. Uani kwake mizinga ya nyuki ilikuwa imejipanga juani, yote ya buluu.

"Shangazi, rangi hii uliitoa wapi?"

"Ni ya Nayden. Alipaka baiskeli yake, iliyobaki akapaka mizinga. Kila ikichakaa natafuta ile ile." Bibi alimtazama. "Alipookotwa amekufa chini ya daraja, baiskeli hiyo hiyo ilikuwa kando yake. Walisema ameteleza. Siku mbili kabla, alikuwa amesimama mkutanoni kumwuliza mwenyekiti ngano imekwenda wapi."

"Siku ile, shangazi, baba yangu alikuwa wapi?"

"Hukuambiwa? Alikuwa hospitali, ndiyo siku uliyozaliwa wewe. Alikwenda kwa basi, maskini; mwenyekiti alimnyima gari, akasema ana safari yake." Akafuta mikono kwenye aproni. "Tangu hapo baba yako akaniletea kuni kila vuli, bila neno. Kijiji kizima kilisema ananitaka. Nami, Mungu anisamehe, mwaka mmoja nilimvalia kitambaa kipya cha kichwa."

Zlatina aliporudi alikuta langoni lori la kuazima ambalo Kamen alikuja nalo kutoka Sliven. Kamen alikuwa akifunga mnyororo chini ya Volga, na Velko amesimama pembeni, ameegemea fimbo.

"Ami kasema umekubali," Kamen alisema.

Zlatina akaenda kusimama mbele ya gari. "Ami, siku niliyozaliwa ulikuwa na safari gani?"

Velko alimsogelea, akampangusa vumbi begani kama baba. "Banda lenu ni la mbao, mwanangu, na limejaa majani makavu. Vitu vizee hushika moto upesi. Nawaonea huruma tu."

Mnyororo ukamponyoka Kamen. "Umesema nini, ami?"

"Nimesema mjitunze," alijibu mzee, akaenda zake taratibu.

Zlatina alipokwisha kumweleza yote, Kamen akachukua spana.

"Kamen! Baba alisema—"

"Baba alilificha maisha yake yote. Likamfaa nani? Shika hapa."

Waliifungua ile madigadi, wakaizungushia blanketi, wakampelekea Raina. Bibi hakulia. Aliweka kiganja ndani ya bonyeo, kisha akavuta kiti, akakaa kando yake kama anayeuguza mgonjwa.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, moshi ukaonekana ukitoka banda la Bogomil. Zlatina na Kamen walipofika mbio, Velko alikuwa ameshatangulia na ndoo, akiwafokea vijana waongeze maji. Volga ilikuwa imebaki mifupa.

"Limeungua lote?" mzee aliuliza.

"Lote, ami," kijana mmoja alijibu.

Velko akafanya ishara ya msalaba. Kisha akaingia kwenye majivu, mpaka lilipokuwa gurudumu la mbele la kulia, akachokora kwa fimbo. Akachokora tena. Polepole akainua uso, akatazama juu mlimani, kwenye mizinga ya buluu ya Raina.

Zlatina aligeuka kumtafuta Kamen. Hakuwepo, lori lilikuwa tayari likinguruma kupanda mlima. Alikwenda kusimama katikati ya njia ya kupanda kwa Raina.

"Pisha, mwanangu," Velko alisema kwa upole.

"Sipishi."

Watu waliacha kumwaga maji. Hakuna aliyekwenda upande wa Zlatina, wala hakuna aliyekwenda upande wa mzee. Walisimama hivyo, moto ukitatarika nyuma yao, mpaka lori likashuka. Raina alikuwa ameketi kando ya Kamen, blanketi lenye madigadi mapajani. Lori likawapita polepole kuelekea polisi Sliven, na yule bibi akamtazama Velko usoni kupitia dirishani, asigeuze macho mpaka lilipopinda kona.