Ukiitwa, Usiitike

Mteja aliiweka flashi mezani kwa ncha za vidole. "Dada fundi, nifutie hilo faili. Mimi siligusi tena."

Fundi alilijua hata kabla ya kuichomeka. Mtandaoni walishalisema mpaka wakachoka: eti ni kipindi cha mwisho cha hadithi za watoto cha redio ya zamani, kilichorekodiwa na msikilizaji nyumbani kwake, eti ukilipakua kompyuta inakufa, eti mwishoni mwanamke ananong'ona, "Toka hapo chini, nimekuona." Na ukiitwa, usiitike, walioitika hawakuonekana tena. Sasa habari zao zililetwa na nani? Hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Siku nyingine fundi angecheka. Lakini msimuliaji wa kipindi kile alikuwa mama yake. Alifariki fundi akiwa hajaanza shule, na redio, kwa kubana matumizi, ikarekodi taarifa za habari juu ya kanda zake zote. Picha za mama alikuwa nazo. Sauti yake hakuikumbuka kabisa, na hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Lisemwalo lipo, aliwaza, akamwita kaka yake kutoka gereji ya jirani. "Wewe unaikumbuka sauti yake. Njoo unisikilizie."

Kaka alisimama mbali na kompyuta, mwanamume mzima na ovaroli lake. "Na ikifa?"

"Ikifa nitaitengeneza. Si ndiyo kazi yangu?"

Ilianza mikwaruzo. Kisha mwanamke akasimulia habari za kobe aliyekwenda harusini akakosa kiti. Kaka alivuta kigoda, akakaa.

"Ndiye," alisema.

Hadithi iliisha, muziki ukapita, ukanyamaza. Inaonekana mtu alisahau kuzima maikrofoni. Karatasi zilikusanywa, kiti kikasogezwa, na sauti ileile, sasa ya chini, ikasema: "Haya, toka hapo chini. Nimekuona."

Mteja alikuwa keshafika mlangoni.

"Chini ya meza," kaka alisema taratibu. "Akikosa wa kumwachia mtoto, mama alikwenda na wewe kazini. Ulikuwa unajificha humo. Na hutoki mpaka uitwe mara ya pili."

Fundi alirudisha nyuma kidogo, akabonyeza.

"Haya, toka hapo chini. Nimekuona."

"Abee, mama," akaitika.