Mto Katikati ya Magoti

Jumatano, nikiwa langoni, nilipigwa tobo mbili kwenye mechi moja. Ile ya pili mpira ulikuja polepole kabisa, ukapita katikati ya miguu yangu kama mgeni aliyekuta mlango wazi. Kesho yake darasa zima likaniita Tobo. Mimi ni mtu wa kuangalia viatu vyangu, nikaviangalia.

Mwalimu wa michezo hakunicheka. Alinirushia mipira kadhaa, akasema nauona mpira vizuri ila magoti yanachelewa kukutana, misuli ya mapaja kwa ndani haina nguvu. Akanipa zoezi la kuanzia: nilale chali, nikunje magoti, nyayo zikae sakafuni, niweke mto katikati ya magoti, niubane taratibu huku napumua, nihesabu mpaka tano, kisha nilegeze bila kuuangusha. Mara kumi, asubuhi na jioni. Zilibaki wiki tatu hadi marudiano. Nikipigwa tobo tena, glavu zinakwenda kwa mwingine. Na langoni ndipo mahali pekee duniani ambapo huwa napiga kelele.

Chumbani nalala na Bibi. Nilisubiri aende kuoga ndio nilale chini na mto wangu, lakini alisahau taulo, akarudi.

“Mke mwenzangu,” akasema, “huo mto umekukosea nini?”

Ikabidi nimweleze yote, hadi hilo jina la Tobo. Akauliza kama wazee wanaruhusiwa, maana miezi sasa hawezi kuinuka kwenye kiti bila mkono wangu. Akapanda kitandani na mto wake, akatangaza kwamba yeye ndiye atakayehesabu. Hapo ndipo nilipokoma. Moja mpaka nne zilikwenda vizuri, halafu akakumbuka habari za fundi aliyeziba bomba likavuja pale pale. Mapaja yanatetemeka, tano haiji. Nikilalamika, ananiambia nisimkatishe mtu mzima.

Wiki ya kwanza nilishuka ngazi za shule kama bata. Wiki ya tatu mto wangu ulishaanza kutoa pamba.

Kwenye marudiano tulikuwa tunaongoza moja bila, dakika ya mwisho, yule yule aliyenipiga tobo akaja peke yake. Akapiga chini, katikati ya miguu. Magoti yakakutana. Mpira ukanasa, nusu mbele, nusu nyuma. Sikujua la kufanya, nikajiangusha kwa ubavu huku nimeubana, nikaukumbatia.

 Kutoka kwenye viti vya wazazi nikasikia sauti ninayoijua.

“Moja,” Bibi akaanza. “Mbili.”

Watu wakacheka, hata mimi nikacheka, nimelala vumbini. Alipofika nne, filimbi ya mwisho ikalia. Mwalimu akaja kuniinua, akasema glavu nikazifue, nitazihitaji Jumamosi.

Nikamtafuta Bibi kwa macho ili nikamshike mkono. Alikuwa ameshasimama mwenyewe, mkoba begani, anamsimulia mama mmoja habari za yule fundi wa bomba.